Mtambo mdogo wa gesi unatoa hewa ukaa kiasi gani?

Swali: Niko Mtwara, huku kuna mtambo wa umeme wa injini za gesi ya Mnazi Bay. Tunaambiwa gesi ni safi kuliko dizeli. Ni kweli? Na hewa ukaa yake inakadiriwaje?

Jibu: Ndugu, kukadiria wala si kazi, anza na mita ya gesi. Gesi ya Mnazi Bay karibu yote ni methani, na kila mita moja ya ujazo ikiungua inatoa kama kilo 1.9 za hewa ukaa. Injini yenye ufanisi wa asilimia 35 inakula kama mita za ujazo 0.3 kwa uniti moja ya umeme, kwa hiyo ni gramu 570 hivi kwa uniti. Mtambo ukizalisha megawati 12 mchana na usiku hapo ni tani 160 na zaidi kwa siku. Dizeli inacheza kwenye gramu 700 kwa uniti, kwa hiyo ukiangalia hewa ukaa peke yake ni kweli gesi ina nafuu.

Shida ni ile gesi isiyoungua, na hii ndiyo naomba watu waijue manake haisemwi. Kwenye hizi injini za pistoni kuna methani inayojificha kwenye mianya ya silinda na kutoka na moshi ikiwa mbichi, na methani inapasha dunia joto kama mara 28 kuliko hewa ukaa ukihesabu miaka 100, ukihesabu miaka 20 inapita mara 80. Ikivuja asilimia 2 tu ya gesi, kwa hesabu ya miaka 100 zile gramu 570 zinakuwa sawa na kama 680 za hewa ukaa, yaani ile nafuu ya gesi imeliwa karibu yote, na kwa hesabu ya miaka 20 dizeli inakuwa na afadhali kabisa.

Inavuja zaidi injini ikiendeshwa kwa lodi ndogo, yaani ikibeba mzigo mdogo wa umeme. Lodi ikishuka usiku, usiache injini zote zinanguruma nusu nusu, tuseme ziko tisa, zima nne, tano zilizobaki zibebe lodi karibu ya kujaa, na gesi utaokoa pia. Plagi zinazowasha gesi ndani ya silinda zibadilishwe kwa wakati, silinda ikikosa kuwaka gesi yake yote inatoka nje hivyo hivyo. Na wanaokuja kupima moshi waambieni waje na kipimo cha methani, manake wengi wanapima kaboni monoksaidi na oksaidi za naitrojeni, wanaandika ripoti, wanaondoka.