Re: Hela za michezo na chakula shuleni zinaishia wapi? (majibu ya mwalimu, Dodoma)

Mleta uzi kauliza mawili kwa mpigo. Moja, kama serikali inatoa hela za michezo na lishe mashuleni mbona mtoto wake apa Chamwino anarudi saa kumi hajatia kitu tumboni na mpira wa shule ni wa matambara. Mbili, kwanini anadaiwa debe la mahindi wakati elimu ni bure. Nimesoma komenti zote za juu, nusu wanasema walimu wezi, nusu wanasema wazazi wavivu, ila hakuna hata mmoja alieshika kalamu akapiga hesabu. Mimi ni mwalimu wa msingi, nimefundisha Bahi na sasa niko Mpwapwa, kote nilikopita nimepewa michezo, na chakula pia kiliniangukia maana kwenye shule zetu ukishakua mwalimu wa michezo kila kazi isiyo na mwenyewe inakua yako. Ngoja niwape ninavyovijua.

Tuanze na hela yenyewe. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016 kila mwanafunzi wa msingi anahesabiwa shilingi 10,000 kwa mwaka, ndo hiyo tunaita kapitesheni. Kwenye hiyo 10,000, 4,000 ni ya vitabu na haipiti kwenye akaunti ya shule, inayofika shuleni ni 6,000. Kwa mwaka mzima wakuu, sio kwa mwezi. Chukua shule yenye watoto 600, hiyo ni milioni 3 na laki 6 kwa mwaka, yaani laki 3 kwa mwezi. Kwenye hiyo laki 3 kuna chaki, karatasi, kudurufu mitihani, kitasa kilichong'oka, dawati lililovunjika, nauli ya mwalimu mkuu kwenda halmashauri, na MICHEZO pia imo humo humo. Kwaiyo mtu akikuambia serikali inatoa hela ya michezo hajakudanganya, inatoa kweli, ni fungu dogo ndani ya laki tatu na linashindana na mtihani wa mwisho wa mwezi. Sasa niambie mwalimu mkuu gani ataacha kudurufu mitihani anunue mpira wa elfu thelathini na kitu, na anajua afisa elimu akija atauliza ufaulu, hatauliza watoto wanacheza nini.

Afu hata hicho kidogo hakibaki shuleni chote. Ikikaribia Mei na Juni kuna UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, shule zinaombwa zichangie timu ya kata, timu ya wilaya, kambi, jezi, usafiri. Sisemi ni mbaya, mie mwenyewe nimepeleka watoto na wamerudi na adabu ya ajabu, ila piga picha hesabu yake, fungu la michezo la watoto 600 linaenda kulisha kambi ya watoto watatu wanne waliochaguliwa kwenye shule yako, na hao 596 wanabaki na kiwanja chenye mbigili, vile vimiba vya ardhini. Alieishi Dodoma anaijua mbigili, ukimwambia mtoto asiye na viatu akimbie raundi tatu asubuhi unamtesa. Mimi kipindi cha kwanza cha michezo kila mwaka mvua zikikata ni cha kung'oa mbigili, na nakiandika kwenye andalio la somo kama mazoezi ya viungo, maana kuinama na kuinuka saa nzima sio mchezo.

Watu wanapenda kusema tuwekeze kwenye michezo tupate vipaji, na kwa kanda yetu wanatoa mfano wa Alphonce Simbu, mtoto wa Ikungi kule Singida, aliechukua dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo 2025. Heshima yake kubwa, ile ya kumpita Mjerumani kwenye hatua za mwisho kabisa niliruka mpaka nikamwaga chai. Lakini mimi sikubaliani na hoja hiyo ya vipaji. Kati ya watoto wangu 600 hakuna Simbu, au yupo mmoja, na hao wengine wote nao wana miguu, wana mapafu, wana mifupa inayokua. Somo la Sanaa na Michezo limo kwenye mtaala mpya kwa wote na kwenye ratiba lipo, sio kwa wenye kasi tu. Ila kipindi kipo ukutani, vifaa hakuna, na mara nyingi mwalimu wa darasa anakichukua kumalizia hisabati. Kizazi changu tunakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo mashuleni ilipigwa stop kabisa, eti inapoteza muda wa masomo, baadae ikarudishwa. Kwa karatasi imerudi kitambo, kwenye vichwa vya wengi bado haijarudi.

Na jingine linaloniuma ni viwanja. Hela za BOOST, ule mradi wa serikali wa kuboresha shule za msingi, zimejenga madarasa mazuri kweli, mie nafundisha kwenye moja lina vigae, ila sehemu nyingi nafasi ya wazi pekee ilikua kiwanja cha mpira kwaiyo madarasa yakawekwa pale pale. Na jijini Dodoma tangu serikali ihamie ardhi imekua dhahabu, kiwanja cha shule kisicho na hati kila mtu anakitolea mate. Kama upo kamati ya shule, kabla hujauliza mpira uliza mipaka ya shule imepimwa au bado.

Sasa chakula, hapa ndo penye mzizi. Watu wengi hawajui kwamba kwa shule za kutwa serikali HAIJAWAHI kuweka fungu la chakula kwenye elimu bila malipo. Waliopo bweni ndio wanahesabiwa, mpango ulivyoanza ilikua 1,500 kwa mwanafunzi kwa siku. Wa kutwa, ule waraka wa serikali wa 2016 wa elimu bila malipo unasema wazi mzazi ndo anahusika na chakula, kama anavyohusika na sare na madaftari. Na mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe kwa wanafunzi wa elimumsingi wa 2020 nao unategemea jamii ichangie, kamati isimamie. Kwaiyo mleta uzi, debe lako sio wizi, ni sera. Unaweza usiipende, mimi pia siipendi yote, ila mwalimu wako hajaitunga yeye.

Kuna mwingine kwenye komenti kasema "mbona kuna ile 1,000 ya lishe kwa kila mtoto". Ipo mkuu, halmashauri zinatakiwa kuitenga kutoka mapato yake na wakuu wa mikoa wamesaini mikataba ya lishe tangu 2017, ila soma vizuri, ni kwa mtoto wa CHINI YA MIAKA MITANO. Mtoto akitimiza miaka mitano, akaanza kutembea kilomita kadhaa kwenda darasa la awali, hapo hapo anatoka kwenye hesabu ya lishe. Wa bweni ana fungu, mchanga ana fungu, wa kutwa wa miaka 6 mpaka 13 hana. Udumavu unaanza mapema ni kweli na ndio maana wameelekeza nguvu huko, siwalaumu, ila huyu wa katikati anasoma na njaa.

Nipige hesabu mbele yenu ili tusibishane hewani. Sisi tunapima gramu 150 za mahindi kwa mtoto kwa mlo mmoja, mwaka wa masomo una siku 194, inakuja kilo 29 na ushee kwa mtoto, hiyo ni kama debe moja na nusu. Kwa watoto 600 ni tani 17 na nusu, magunia 175 ya kilo mia. Weka bei ya 600 kwa kilo, ni zaidi ya milioni 10, na hapo hujanunua maharage, chumvi, mafuta, hujalipa mpishi, hujasaga. Kapitesheni yote ya shule ni milioni 3.6. Kwaiyo hata mwalimu mkuu akiwa malaika, asinunue hata chaki moja, hawezi kulisha watoto hao mahindi matupu mpaka Mei.

Wazee wa kanda ya kati mnakumbuka enzi WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, walivyokua wanaleta chakula shule za Dodoma na Singida, mafuta ya kopo, zile dengu za njano ambazo watoto walikua wanazisema sana lakini sahani zilirudi safi. Mahudhurio yalikua ya kuridhisha hata miezi ya njaa. Mradi ulipoondoka nilishuhudia darasa la tatu linapungua wiki hadi wiki kuanzia Januari, sio kwamba wameacha shule, wako kwenye mbuyu wanatafuta ubuyu, au wako shambani wanafukuza ndege kweleakwelea. Ukiwa mwalimu wa michezo unaiona mapema kuliko wengine, maana mtoto mwenye njaa darasani anaweza kujificha nyuma ya mwenzie, kwenye mchakamchaka hajifichi. Anaanza vizuri, raundi ya pili anakaa chini ya mwarobaini anasema tumbo linauma. Mimi kipindi hicho kila mwaka nilikua nawabadilishia, hakuna kukimbia, tunacheza rede na michezo ya kukaa, mpaka mlenda mpya utoke mashambani. Ndo maana nasema kupanga hela ya michezo bila chakula kwa mkoa wetu ni kujidanganya, hivi vitu viwili ni fungu moja.

Sasa kwanini kuna shule zinaweza na zingine zinashindwa ndani ya kata moja? Kwa nilivyoona mimi siri ni MWEZI. Shule nyingi zinaitisha mkutano wa wazazi Januari wakati wa kufungua shule. Januari Mgogo ghala lake limebaki vumbi, ana sare ya kununua, anapanda, na mahindi sokoni bei imepaa. Ukimuomba debe mwezi huo unamwomba asichokua nacho, atakwambia ndio na hatoleta. Kwetu mvua ni ya msimu mmoja tu, mavuno yanaanza Mei mpaka Julai. Shule niliyopo tulihamisha makusanyo yote kwenda Juni na Julai, mzazi anatoka shambani anapita shuleni anamwaga debe lake, mtama au mahindi au uwele, vyovyote, tunapokea. Alievuna karanga au kunde analeta hizo. Alieishiwa kabisa analeta kuni, au anachota maji, au anapika zamu, anaandikwa kwenye daftari kama wengine. Tunaweka dawa ya wadudu, tunafunga stoo kwa kufuli mbili, funguo moja kwa mwalimu moja kwa mwenyekiti wa kamati. Makande ya mtama na kunde watoto mwanzo walinuna, wamezoea.

Na sheria yetu ambayo tumegombana sana kuipitisha, anakula kila mtoto. Nimewahi kufundisha shule ambayo saa ya kula inasomwa orodha, wasiochangia wanatolewa wakae upande wa pili wa jengo wasikilize sahani. Huo sio utaratibu wa kwenye mwongozo wowote, ni ukatili tu na mtoto hana kosa, deni ni la mzazi mdai mzazi.

Upande wa serikali ninachokitaka mimi sio eti ilishe wote kesho. Mwaka wa bajeti unaanza Julai 1, mwezi ule ule ambao mahindi yana bei ya chini pale soko la Kibaigwa, na maghala ya NFRA, wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula, tunayo hapo hapo Kizota, Dodoma mjini. Halmashauri ikitenga hela hata ya maharage na mafuta ya alizeti tu, mzazi akaleta nafaka, mlo unakamilika. Ila hela ikitoka Januari inanunua nusu. Brazil sheria yao ya 2009 iliweka kwamba angalau asilimia 30 ya hela ya serikali kuu ya chakula cha shule inunue kwa wakulima wadogo, na sisi halmashauri zetu tayari zinatenga ile asilimia 10 ya mikopo kwa akina mama, vijana na wenye ulemavu, sioni kinachozuia kikundi cha akina mama wa Kongwa kukopeshwa na kuiuzia shule unga. Na michezo, fungu litengwe lisimame peke yake nje ya chaki, hata kama ni dogo, mwalimu mkuu asiweze kuligusa.

Kwa mleta uzi, mkutano ujao usiulize "hela zinaenda wapi" kwa ujumla, utajibiwa kwa ujumla. Omba uoneshwe tangazo la mapokezi ya kapitesheni, linatakiwa kubandikwa ubaoni pale shuleni, na wewe kama mzazi una haki ya kulisoma. Omba leja ya stoo, imeingia kilo ngapi na inatoka kilo ngapi kwa siku, gawanya kwa idadi ya watoto, ukiona chini sana ya gramu 150 uliza kwa upole mbele ya watu. Afu pendekeza makusanyo yahamie Juni, lipigiwe kura liandikwe kwenye muhtasari. Ukishapata hizo namba ziweke humu, jina la shule liache, nitakusaidia kuzisoma.