Kompyuta inaganda watoto wakirudi shule: niongeze RAM?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina kompyuta ya mezani, Dell OptiPlex 7010, niliinunua mtumba miaka minne iliyopita. Ina RAM ya 4GB, diski ya 500GB na Windows 10. Asubuhi nikiwa peke yangu naandika oda za keki kwenye Excel, haina neno. Jioni mwanangu wa kidato cha pili akifungua masomo yake mtandaoni, katuni ya mdogo wake ipo wazi na Excel yangu sijaifunga, basi! Mshale unaganda, taa ndogo ya mbele inawaka bila kupumzika. Tukifunga funga vitu inarudiwa na fahamu. Fundi wa mtaani anasema niongeze memori. Shemeji anasema nitapoteza hela, ninunue mpya. Muuzaji mmoja naye kanishangaa: “Memori 500 haikutoshi?” Nifanyeje? — Mama Keki, Morogoro

JIBU: Dada, huyo muuzaji mwache na biashara yake. Hiyo 500 ni diski, ndiyo stoo yako ya unga. RAM, hiyo fundi wako anayoiita memori, ni meza unayokandia: hapo kompyuta huweka kazi inazofanya sasa hivi. Stoo ikijaa magunia, meza haikui hata inchi moja.

Barua yako imenirahisishia kazi kwa sababu umeitaja hiyo taa. Ni taa ya diski. RAM ikijaa, Windows haikuambii “nimeshiba”. Inaanza kuchukua vitu vilivyomo kwenye RAM na kuvihamishia kwenye diski, halafu inavirudisha kila unapovihitaji. Diski yako bila shaka ni ile ya sahani inayozunguka, na mbele ya RAM diski hiyo ni konokono. Ndiyo maana taa haipumziki na mshale umeganda. Na ndiyo maana mkifunga vitu inapona. Magonjwa mengine mengi hayaponi kwa kufunga katuni.

Lakini usinunue kwa maneno yangu tu. Jioni ikianza kuganda, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Nenda Performance, kisha Memory. Ukiona imejaa asilimia 90 na kitu, fundi wako wa mtaani kasema kweli, ongeza. Ukikuta Memory iko 60 tu huku Disk imegonga 100, RAM haina kosa. Hela hiyo iweke kwenye SSD, yaani diski ya kasi isiyo na sahani inayozunguka. Ukiwa hapo hapo kwenye Memory, tazama chini palipoandikwa Slots used. Mashine kama yako kwa kawaida ina nafasi nne za kadi za RAM (ile ndogo kabisa ina mbili), kwa hiyo naamini utakuta mbili au tatu ziko tupu na ile ya zamani hutaitupa.

Jambo jingine la kutazama kabla hujatoa hela: kwenye Settings, System, About, hakikisha Windows yako ni ya biti 64. Ya biti 32 haivuki 4GB, hata ukiijazia kadi nafasi zote.

Sasa dukani, na hapa niliwahi kulia mwenyewe. Mwaka wa kwanza nina meza yangu Kariakoo nilipata kadi ya 8GB kwa bei ya kutupa. Nikajiona mjanja kuliko mtaa mzima. Nikaichomeka kwenye mashine ya mteja: feni inazunguka, skrini nyeusi tii. Nikasafisha miguu ya kadi kwa ufutio wa penseli, nikabadilisha nafasi, wapi. Mzee wa meza ya jirani akainyanyua, akahesabu vidude vyeusi kwa kidole: tisa upande mmoja, na kingine kidogo katikati. “Hii ya seva, mdogo wangu.” Aliyeniuzia sikumwona tena.

Kwa hiyo soma stika. RAM yako ni ya kizazi cha DDR3, na kwenye stika unatafuta PC3-12800U. Hiyo U ya mwisho ndiyo ya kompyuta za mezani. Ikiwa R ni ya seva, ikiwa S ni ya laptopu, tena fupi, haitaingia. DDR4, kizazi kilichofuata, nayo ina pengo lake mahali tofauti, usiilazimishe. Kadi moja ya 4GB itakufikisha 8GB, na kwa Excel, masomo na katuni inatosha. Atakayekushawishi ufike 16 anakuuzia, hakushauri. Mtumba haina ubaya, ila ijaribiwe mbele yako.

Shemeji naye simtupi moja kwa moja. Microsoft ilisimamisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa ya mashine yako haimo katika orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11. Kwa hiyo usiimwagie hela nyingi. Kadi moja ya mtumba, sawa. Kadi mbili, SSD kubwa na kioo kipya, hapo nitakaa upande wa shemeji.

Kuichomeka si kazi ya kumlipa mtu. Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa umeme uliobaki uishe, gusa bati la kasha. Linganisha pengo la kadi na la nafasi yake, sukuma kwa dole gumba pande zote mbili mpaka vishikizo vilie ta! na kujifunga vyenyewe. Ukiwasha ikasoma 4GB ile ile, huenda upande mmoja haujaingia sawasawa. Zima, chomoa umeme tena, ichomoe kadi, uisukume upya, na safari hii usiionee huruma.