Kifafa cha mbwa usiku wa manane

SWALI: Daktari, hongera kwa kazi. Mbwa wetu ni German Shepherd wa miaka mitatu, kilo 30. Juzi saa nane usiku alianguka, akakakamaa, miguu ikapiga kama anaogelea, povu likamtoka. Nilimtia kijiko asimeze ulimi, meno yakanichuna kidole. Baada ya dakika mbili aliinuka, akawa anagonga kuta. Alfajiri ikamrudia. Sasa anakula vizuri. Nisubiri? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Tuanze na kidole. Kioshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, hata kama ni ya juzi, uende hospitali leo na kadi ya chanjo ya mbwa. Kichaa cha mbwa nacho huweza kuleta degedege, kwa hiyo mfungie na umwangalie siku 10.

Kijiko usirudie. Mbwa hamezi ulimi. Kinachotokea ni jino kuvunjika au mtu kuumwa. Sogeza viti, mwondoe karibu na ngazi, zima taa na redio, tazama saa. (Bila saa, dakika moja utaapa ni kumi.) Kikizidi dakika 5, au kikirudi ndani ya saa 24, ni dharura hata kama ameinuka na kula. Wako kilimrudia usiku uleule, basi mpeleke leo.

Mwombe daktari akuandikie diazepam, dawa ya kukatiza kifafa kikiwa kinaendelea, ya kuweka nyumbani. Kwa njia ya haja kubwa ni miligramu 1 kwa kilo: kwa wako 30, yaani mililita 6 za ile ya sindano yenye miligramu 5 kwa mililita. Ivute kwa bomba, toa sindano, chomeka mpira mwembamba laini uliopakwa jeli, ingiza, sukuma. Ivute wakati wa kuitumia tu. Ikilala ndani ya bomba, plastiki huinyonya.

Kifafa kisicho na chanzo kinachoonekana huanza kati ya miezi 6 na miaka 6, ila kwanza daktari apime sukari na ini, na aulize kuhusu sumu, hasa dawa ya kupe. Akianzishiwa fenobabitoni, dawa ya kila siku ya kuzuia kifafa, wengi huanza na miligramu 3 kwa kilo kila saa 12: kwake vidonge vitatu vya miligramu 30 asubuhi, vitatu jioni. Atayumba, atakunywa maji sana na kudai chakula. Damu hupimwa baada ya wiki mbili. Mwezi wa tatu mbwa akitulia, wenye mbwa huacha vidonge ghafla, na kifafa hurudi mfululizo bila kukatika.

SWALI: Mbwa wangu mdogo ana watoto wa wiki tatu. Anahema, anatetemeka, miguu imekaza, lakini nikimwita ananitazama. Ni kifafa?

JIBU: Kifafa cha mwili mzima kingempotezea fahamu. Huyu yaelekea kalsiamu imeshuka kwenye damu kwa kunyonyesha. Mpeleke sasa hivi: huchomwa kalsiamu kwenye mshipa, polepole, daktari akisikiliza moyo. Watoto wasinyonye kwa saa 24. Wape maziwa mbadala ya watoto wa mbwa.