Unarudia pepa ya uhasibu? Usianze tena ukurasa wa kwanza

Kama umefungua matokeo ukakuta 47 najua unavyojisikia, maana yamenikuta. FR (Financial Reporting, pepa ya kuandaa hesabu za kampuni) ya ACCA, ile bodi ya kimataifa ya wahasibu, mara ya kwanza nilipata 44, nikarudia nikapata 47, na kufaulu ni 50, yaani maswali mawili tu ya kuchagua yangenivusha. Iliniuma sana, siku mbili sikumwambia mtu. Mara ya tatu nikatoka na 61, na sikusoma masaa mengi zaidi, nilibadilisha namna ya kusoma, ndo maana naandika hapa.

Mara ya pili nilichofanya ni kurudi kwenye kitabu mwanzo mpaka mwisho, nikapiga mistari ya rangi kila mahali. Shida ni kwamba kitu ulichowahi kukisoma ukikiona tena unahisi unakijua, IAS 16, kanuni ya mali za kudumu, naijua hiyo, hatua tano za IFRS 15, kanuni ya mapato, nazijua, unageuza ukurasa, halafu unakaa mbele ya swali huna pa kuanzia. Unaporudia mtihani hilo ndo linalokumaliza, kwa sababu kila kitu unakifahamu kwa sura.

Safari ya tatu nikaanza na maswali siku ya kwanza kabisa, kitabu nafungua pale tu niliponasa. Na nikawa na daftari la makosa. Siandiki jibu sahihi, naandika kwa nini nimekosa: sikujua kabisa, au nilijua nikachanganya, au sikusoma swali vizuri, au muda uliniishia. Baada ya wiki mbili nikalipitia lile daftari nikashangaa, mengi hayakuwa ya kutojua, yalikuwa ya kuchanganya, tena yaleyale.

Nikupe moja. Kampuni mama imeiuzia kampuni tanzu, yaani ile inayoimiliki, bidhaa za 120,000, faida ni 25% juu ya gharama, na nusu ya mzigo bado uko stoo mwisho wa mwaka, kwa hiyo faida ya hiyo nusu inabidi itolewe unapounganisha hesabu zao, maana bado haijauzwa nje. Mi nilikuwa nachukua 25% ya 120,000 napata 30,000, nusu yake 15,000, naitoa kwenye stoku na kwenye faida, naendelea mbele nikiwa na amani kabisa. Ni kosa, hiyo 120,000 tayari ina faida ndani yake, ni 125 kwa 100, kwa hiyo faida ni 120,000 mara 25 gawa kwa 125, unapata 24,000, na nusu iliyobaki ni 12,000. Ile 15,000 ingekuwa sawa kama swali lingesema 25% ya bei ya kuuzia. Kwenye daftari nilikuta nimelikosea mara nne! Nikaandika juu ya karatasi yangu ya mazoezi JUU YA GHARAMA AU JUU YA BEI?, na pembeni NANI KAUZA?, maana kama aliyeuza ni tanzu basi wanahisa wachache, wale wenye hisa za tanzu walio nje ya kampuni mama, nao wanabeba sehemu yao ya hiyo faida inayotolewa. Tangu hapo sikulikosea tena.

Jambo lingine ambalo wengi tunalipuuza, mtihani unafanyika kwenye kompyuta na mi mazoezi yote nilikuwa nafanya kwa kalamu. Hesabu za maswali marefu ya Section C, sehemu ya mwisho ya mtihani, unazifanya kwenye spredishiti (jedwali kama la Excel), hivyo fanyia humohumo, tumia ile programu ya mazoezi ya ACCA. Na usipige hesabu pembeni ukaingiza jibu tupu, andika fomula ndani ya seli, =120000*25/125*50%, anayesahihisha anaiona, hata kama ulianza na namba iliyokosewa kule juu anaweza kukupa alama za njia. Kwenye maswali ya kuchagua hakuna huruma hiyo, ni alama 2 au sifuri, ila ukikosa hukatwi kitu kwa hiyo usiache swali wazi hata moja.

Soma pia ripoti za watahini. Wanaeleza watu wanapoangukia, na ukiziweka pembeni ya daftari lako utajiona humo.

Halafu muda wa kujiandaa. Mitihani iko Machi, Juni, Septemba na Desemba, matokeo hutoka baada ya wiki kama sita, hivyo ukitaka kurudia awamu inayofuata una wiki kama saba hivi, sio miezi mitatu kama unavyodhani. Kwa mtu anayefanya kazi ni chache, mi nakushauri usibebe pepa nyingine juu yake. Nilijaribu mara ya pili kubeba mbili, zote zikaenda.

Kwa hiyo leo usipange ratiba ya rangirangi. Chukua swali moja la alama 20, la kuunganisha hesabu za kampuni mama na tanzu, dakika 180 gawa kwa alama 100 ni 1.8 kwa alama, kwa hiyo una dakika 36. Weka saa, simu weka chumba kingine. Ikifika 36 acha hapohapo hata kama mizania haijabalansi, jisahihishe kwa alama zilizopo, kisha fungua daftari uandike mstari wa kwanza.