Mume wangu anataka nyumba kubwa kwanza, mtoto baadaye

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 34 na mume wangu ana 38. Tumeoana miaka minne sasa. Tunaishi kwenye nyumba ya kupanga yenye sebule na chumba kimoja cha kulala. Tangu mwanzo tulikubaliana tuweke akiba tununue nyumba kubwa, tukishahamia ndipo tutafute mtoto. Tulisema vyumba viwili. Tulipokaribia, mume wangu akaona bora vitatu. Mwaka jana bei zikapanda, na sasa anasema tuvumilie miaka miwili zaidi. Yeye alikulia kwenye nyumba ya watu wengi, alikuwa akilala sebuleni na kaka zake, na huwa anasema mtoto wake hatalelewa kwa kubanana. Ni mwanamume mwema na ninampenda, lakini nimefika mahali nikitazama salio la akiba yetu napandwa na hasira. Kuna siku nawaza niache vidonge vya kuzuia mimba kimya kimya, ionekane imetokea tu. Je, nimshinikize tupange nyumba kubwa sasa hivi, au nivumilie hiyo miaka miwili?

Nimechoka Kusubiri

Marahaba, mwanangu.

Nianze na jibu, maana kusubiri umeshasubiri vya kutosha. Usivumilie hiyo miaka miwili, na wala msihame sasa hivi. Tafuteni mtoto mkiwa hapo hapo mlipo, huku akiba ya nyumba ikiendelea. Najua mume wako hatalipokea hili kirahisi, kwa hiyo nitakupa hesabu za kukaa naye mezani.

Hesabu yake ina kasoro moja. Anachukulia kwamba siku mnayoanza kutafuta mtoto ndiyo siku mtoto atakayohitaji chumba. Tazama mambo yanavyokwenda. Pale mwanamke anapokuwa chini ya miaka 40, zaidi ya wenzi 8 kati ya kila 10 hupata mimba ndani ya mwaka mmoja wakikutana mara kwa mara bila kinga. Wapo wanaopata mwezi wa kwanza, wapo wanaopata wa kumi na moja. Mimba yenyewe ni wiki 40. Mtoto akishazaliwa, chumba chake bado hakina kazi: mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2022 unashauri alale chumba kimoja na wazazi kwa angalau miezi 6 ya mwanzo, kwenye kitanda chake mwenyewe, chali, juu ya godoro gumu lililo tambarare, kwa kuwa hilo hupunguza hatari ya kifo cha ghafla usingizini. Jumlisha sasa. Mimba ikishika mara moja, mna miezi kama 15 kabla hata ya kuanza kuwaza chumba cha mtoto. Ikichukua mwaka, mna zaidi ya miaka miwili. Muda anaouomba mume wako umo humo humo. Tofauti ni kwamba mtautumia mkisubiri mtoto na kuweka akiba kwa pamoja, badala ya kuweka akiba tu.

Tena ukweli ni kwamba mtoto wa mwaka mmoja haoni haya kulala na wazazi wake. Wanaochoka kwanza ni wazazi.

Upande wa umri nitakueleza bila kukutisha. Uwezo wa mwanamke kushika mimba huanza kupungua taratibu karibu na miaka 32, kisha baada ya 37 hushuka kwa kasi zaidi. Ukianza na 36 bado una nafasi nzuri, na wanawake wengi huzaa salama katika umri huo na kuendelea. Kinachopungua ni muda wa kurekebisha mambo yakienda polepole. Ushauri wa kawaida ni wenzi wajaribu miezi 12 kabla ya kwenda kuchunguzwa, lakini mwanamke akishatimiza 35 husubiri miezi 6 tu. Na kama mnataka watoto wawili au watatu, miaka hii miwili hamumnyimi huyu wa kwanza peke yake. Umri wa mume wako nao una mchango wake, ingawa mara nyingi hesabu ya miaka hufanywa kwa mwanamke tu. Muulize anajiona akiwa na umri gani mtoto wa mwisho atakapomaliza shule. Hilo ni swali la haki kwa baba mtarajiwa.

Sasa nirudi kwenye mstari ulioupitia haraka katika barua yako, ule wa kulala sebuleni na kaka zake. Mimi nimeusoma mara kadhaa. Nadhani jibu la kwa nini lengo lenu linasogea kila mnapolikaribia limo humo. Vyumba viwili vikawa vitatu. Mkifika vitatu patatakiwa ua, na baada ya ua kitu kingine. Mtu aliyekua akikunja godoro lake kila asubuhi ili wageni wapate pa kukaa hujiwekea ahadi moyoni, na ahadi ya namna hiyo haina idadi ya vyumba inayoitosheleza. Yeye anapotaja nyumba anamlinda mtoto ambaye hajazaliwa. Wewe unasikia kwamba mtoto hatakiwi. Mnazungumza mambo mawili tofauti, na ndiyo maana kila mazungumzo yanaishia kwenye bei.

Kwa hiyo usianze kwa kudai. Chagua siku ambayo hakuna aliyechoka, na isiwe siku ambayo ametoka kutazama matangazo ya nyumba. Mwombe akusimulie nyumba ile ya utotoni: nani alilala wapi, nini kilimuumiza zaidi. Kaa umsikilize mpaka amalize, bila kumrudisha kwenye mada. Yawezekana utagundua kilichomuuma ni kukosa faragha ya kusomea, au ugomvi wa watu wazima uliokuwa ukisikika usiku kucha, wala si ufinyu wenyewe. Mtoto mmoja na wazazi wawili wanaopendana kwenye chumba na sebule ni maisha tofauti kabisa na yale aliyotoka nayo. Mwache alione hilo mwenyewe. Ukisha­msikiliza, mwambie lako waziwazi: "Ninaogopa tutapata nyumba tukakosa mtu wa kuilala." Umeniambia mimi kwamba salio la akiba linakutia hasira. Je, yeye anajua?

Kisha tokeni kwenye hisia mwingie kwenye karatasi. Andikeni idadi ya vyumba, kiasi cha malipo ya awali, na tarehe. Tarehe ndiyo muhimu, kwa sababu kiasi kitaendelea kuwakimbia. Chukulia nyumba yenye thamani ya 100, pesa yoyote ile, na malipo ya awali ya asilimia 20. Mnahitaji 20. Bei ikipanda asilimia 8 kwa mwaka, mwakani mnahitaji 21.6. Hiyo 1.6 mmeiweka kwa jasho na haijawasogeza hata hatua moja. Mkisema tutaanza familia tukifikisha kiasi fulani, mmekabidhi uamuzi wenu kwa soko la nyumba. Mkisema tutaanza mwezi fulani, uamuzi ni wenu.

Lipo jambo lingine ambalo wanandoa wengi wanaoweka akiba ya nyumba hulisahau. Fedha yote inakwenda kwenye malipo ya awali, halafu zinakuja gharama za mwanasheria, kodi za serikali, usafiri wa vyombo, pazia za madirisha mapya. Wanahamia mfuko ukiwa mtupu. Mimba ikiingia wakati huo, mkopo wa nyumba hautasubiri likizo ya uzazi iishe. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14 na malipo yasiyopungua theluthi mbili ya kipato cha awali, lakini nchi nyingi hazijauridhia, na aliyejiajiri mara nyingi hana hata hicho. Soma mkataba wako wa kazi wiki hii: unalipwa kiasi gani, kwa wiki ngapi, na ni lazima uwe umefanya kazi hapo kwa muda gani ndipo ustahili. Ukishajua, tengeni kwanza akiba ya kugharimia maisha yenu kwa miezi 3 hadi 6, ikae akaunti yake. Hiyo msiiguse kwa ajili ya nyumba. Mtoto mchanga anamhitaji mama asiyelazimika kukimbilia kazini mapema kuliko alivyopanga, na vyumba vitatu havimpi hilo.

Kuna jaribio moja ninalolipenda sana, nalo litampendeza mume wako kwa kuwa anaamini namba. Pigeni hesabu ya marejesho ya kila mwezi ya ile nyumba ya vyumba vitatu. Toeni kodi mnayolipa sasa. Tofauti iliyobaki iwekeni pembeni kila mwezi, kuanzia mwezi ujao, kana kwamba mmeshahamia. Kama kodi yenu ni asilimia 25 ya kipato na marejesho yangekuwa asilimia 40, basi asilimia 15 inaondoka mara tu mshahara unapoingia. Fanyeni hivyo miezi 6. Mkiweza, akiba imekua na mmejua mtaumudu mkopo. Mkishindwa, nyumba hiyo ni kubwa kuliko kipato chenu, na ni heri kulijua hilo sasa kuliko mkiwa na mtoto mkononi na benki mlangoni.

Kuhusu kupanga nyumba kubwa sasa hivi, sioni haja, isipokuwa hapo mlipo pana tatizo la kweli. Kuta zina unyevunyevu na kuvu? Hilo linadhuru mapafu ya mtoto, lisipuuzwe. Moshi wa jiko unaingia mnapolala? Mwenye nyumba hataki watoto? Ukijibu ndiyo kwa mojawapo, hameni, hata kama mtahamia chumba kimoja kingine. La sivyo, kodi kubwa itakula akiba yenu kwa ajili ya chumba kitakachokaa kitupu mwaka mzima na zaidi. Na ikitokea mnahama ukiwa mjamzito, chagua miezi ya katikati, kichefuchefu kikiwa kimetulia na tumbo halijawa zito, na masanduku wabebe wengine.

Nimeacha lile la vidonge mpaka sasa kwa sababu ndilo linaloniumiza zaidi. Naelewa umelifikiaje. Usilifanye. Mume wako ataanza ubaba wake akiwa amedanganywa, nawe utaibeba siri hiyo kila mara atakapombeba mtoto kwa furaha. Zaidi ya hayo, utakuwa umemnyima nafasi ya kukubali, na mimi ninaamini atakubali akielewa vizuri unachokiogopa. Akikataa hata baada ya kuziona hesabu, hata baada ya kutaja tarehe, basi suala si vyumba tena. Hapo muulize moja kwa moja kama anataka kuwa baba, na mtafute mshauri wa ndoa wa kukaa nanyi wawili. Swali hilo ni gumu, lakini una haki ya kupata jibu lake ukiwa na miaka 34 kuliko ukiwa na 38.

Wakati mkizungumza, kuna kitu unaweza kukianza wiki hii bila kumficha wala kumsubiri. Mwone daktari au mkunga, mweleze unajiandaa kushika mimba, na umuulize kuhusu vidonge vya asidi ya foliki, aina ya vitamini. Kiwango kinachoshauriwa kwa wanawake wengi ni mikrogramu 400 kwa siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya mimba hadi wiki ya 12, kwa sababu uti wa mgongo wa mtoto hujiunda katika wiki 4 za mwanzo, kabla wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Vidonge hivyo viweke mezani mume wako avione. Akikuuliza ni vya nini, mazungumzo yameanza. Vile vya kuzuia mimba endelea kuvimeza mpaka mtakapokuwa mmeandika tarehe yenu pamoja.