Nani amefunga mabao mengi zaidi katika soka la wanawake?

Kwa timu ya taifa jibu ni Christine Sinclair wa Kanada, mabao 190. Hakuna mchezaji yeyote, mwanamke au mwanamume, aliyefikia idadi hiyo. Alimpita Abby Wambach wa Marekani (184) Januari 2020, akastaafu timu ya taifa mwishoni mwa 2023.

Lakini ukiniuliza nani alikuwa hatari zaidi mbele ya goli, namchagua Wambach. Sinclair alicheza mechi 331, Wambach hakufika 260, kwa hiyo wastani wake uko juu. Tena mabao 77 aliyafunga kwa kichwa! Mabeki walijua krosi inakuja na bado walishindwa kumzuia.

Hata hivyo Sinclair anastahili heshima yake yote. Nusu fainali ya Olimpiki 2012, dhidi ya Wamarekani hao hao, alipiga hat-triki na Kanada ikalala 4-3 katika muda wa nyongeza. Iliniuma sana.

Kwa Kombe la Dunia pekee, kinara ni Marta wa Brazil, mabao 17. Mabao ya klabu ni vigumu kuyajumlisha, maana kumbukumbu za ligi nyingi za zamani hazikutunzwa vizuri.