Hesabu pumzi za mtoto kabla ya kutafuta dawa

SWALI: Daktari, naomba ushauri wako. Mwanangu ana umri wa mwaka mmoja na miezi miwili. Leo ni siku ya nne anakohoa, kifua kinakoroma usiku kucha, na homa inapanda na kushuka. Dawa ya maji ya kikohozi haijamsaidia. Nyumbani ipo antibiotiki iliyobaki kaka yake alipougua masikio. Je, nimpe hiyo? Na nitajuaje kama haya ni mafua tu au ni nimonia?
Mama wa watoto wawili

JIBU: Pole sana, mama, kwa kuuguza. Dawa hiyo usimpe. Vikohozi vingi vya watoto wadogo huletwa na virusi, ambavyo antibiotiki haiviui. Na endapo ni nimonia ya bakteria, mabaki ya chupa hayatoshi dozi, tena dawa ya unga ikishachanganywa na maji haidumu zaidi ya wiki moja au mbili.

Swali lako la mwisho ndilo zito. Wazazi wengi husikiliza kikohozi, ilhali kinachotuonyesha nimonia ni pumzi. Mkoromo unaoutaja mara nyingi ni makamasi ya puani na kooni, na unaweza kutisha kuliko ugonjwa wenyewe. Mfunue nguo mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, kisha uhesabu kila mara kifua au tumbo linapoinuka kwa dakika 1 nzima, kwa saa yenye mshale wa sekunde. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, kwa kuwa watoto hawapumui kwa mwendo mmoja. Kwa umri wa mwanao, pumzi 40 au zaidi ni za haraka. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11 kiwango ni 50, na kwa aliye chini ya miezi 2 ni 60.

Ukiwa umemfunua, tazama pia sehemu ya chini ya kifua. Ikizama ndani kila avutapo hewa, mapafu yanafanya kazi kwa taabu, na hapo hakuna cha kusubiri. Katika chumba changu cha kuonea wagonjwa huanza kwa kumwomba mama amvue mtoto shati, na mara nyingi yeye ndiye hushtuka wa kwanza, kwa kuwa nyumbani mtoto alifunikwa blanketi na mbavu hazikuonekana. Mkimbize hospitali vilevile akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilegea na kuwa mgumu kuamka.

Hospitalini atahesabiwa pumzi tena, atasikilizwa kifua, na kipimo kidogo kitabanwa kidoleni kuonyesha kiwango cha oksijeni. Picha ya eksirei si lazima kwa kila mtoto. Penye malaria atapimwa damu pia, kwa sababu malaria nayo huleta homa na kupumua haraka. Nimonia isiyo kali kwa kawaida hutibiwa nyumbani kwa antibiotiki ya amoksilini, ambayo humalizwa hata mtoto akianza kucheza siku ya pili.

Pumzi zikiwa za kawaida, endelea kumnyonyesha na kumpa vinywaji mara kwa mara, na umsafishe pua. Homa ishushe kwa parasetamoli, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, isizidi mara 4 kwa saa 24. Asali kidogo hutuliza koo la mtoto aliyetimiza mwaka. Aliye chini ya hapo ni hatari kwake. Hesabu pumzi tena asubuhi na jioni, na kikohozi kikipita siku 14 apimwe upya, kifua kikuu kikiwamo.

SWALI: Binti yangu alipata chanjo zote za kliniki, lakini amelazwa kwa nimonia. Chanjo zilimsaidia nini?
Baba mwenye wasiwasi

JIBU: Zilimsaidia sana, baba. Nimonia ina visababishi vingi, na chanjo huzuia vile vinavyoua zaidi: bakteria waitwao pneumokokasi na Hib, kifaduro, na surua, ambayo mara nyingi huacha nimonia nyuma yake. Virusi vingine vingi vya mafua havimo katika chanjo hizo, ndiyo maana aliyechanjwa bado anaweza kuugua. Naomba utazame pia hewa anayovuta nyumbani, kwa maana moshi wa sigara na wa jiko hudhoofisha njia za hewa za mtoto. Akiruhusiwa kurudi nyumbani, peleka kadi yake kliniki ikaguliwe: dozi ya pili ya surua hutolewa mtoto akiwa amekwisha kupita mwaka, na wengi huisahau.